Vigango vya Watu Walio Hai

Kosa langu la kwanza lilikuwa kufunga mlango wa karakana kwa kufuli. Nalitaja mapema kwa sababu kila mmoja wenu aliyeniuliza safari ilikuwaje ameshasikia kipande cha habari kutoka kwa mtu mwingine, na vipande hivyo vinanipendelea. Wengine mmeambiwa lori ndilo lililotuchelewesha. Lori lilituchelewesha, ni kweli, lakini hata lingekuwa jipya tungekwama pale pale.

Kuchonga sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa picha za simu na kwa kuharibu mbao, na mtu aliyejifunza hivyo huishi akingoja mtu aje amuulize, "Wewe nani alikufundisha?" Kwa hiyo sionyeshi kazi ambayo haijakwisha. Miezi minne hakuna aliyeingia mle ndani, wala mama, wala nyinyi.

Kazi yenyewe mnaijua kwa juu juu. Baada ya vita kutulia, mji mmoja wa Sudan Kusini ulijengewa upya hospitali na mafundi tisa wa huku kwetu, waliopelekwa kwa michango ya makanisa na misikiti ya Malindi na Kilifi. Wanane walirudi. Wa tisa, Kahindi wa Tezo, alishikwa na homa kabla paa halijakamilika, akafa, akazikwa huko. Sasa mji ulitaka kuweka mnara wa shukrani mbele ya hospitali, kwa ajili ya wageni waliokuja kuwajengea, na ulitaka mnara huo utengenezwe pwani. Katibu wa kamati, Bwana Lado, aliona picha za kazi zangu akanipigia. "Tuletee kitu yenu wenyewe," alisema. "Mawe hata hapa iko."

Nikaamua kuchonga vigango tisa, kimoja kwa kila fundi.

Kwa wale ambao si Wagiriama: kwetu mtu akifa, jamaa zake humsimamishia kipande cha mti nyumbani, nacho huitwa koma. Aliyekuwa mwenye gohu, yaani aliyeingia katika chama cha wazee wenye daraja, huchongewa kigango, ubao mrefu wenye kichwa cha duara na nakshi za pembetatu. Sitasema sikujua kwamba ni vya wafu. Nilijua, lakini nilijua kama mtu ajuavyo jambo la kitabuni. Nyumba yetu ni ya kanisa, mambo hayo hayazungumzwi. Vigango nilivijua kupitia picha za majumba ya makumbusho ya ng'ambo, na nilikuwa nimevipima picha kwa picha. Nilijiambia kwamba kufika huko mbali vitakuwa minara tu.

Kakuyuni hadi Gede

Twaha alifika Ijumaa asubuhi na lori la chumvi kutoka Gongoni. Ni mtu wa Malindi mjini, umri wake hamsini na kitu, na Kiswahili chake kama kimepigwa pasi. Chumvi ilikuwa inakwenda Turkana na kuvuka mpaka, na vigango vyangu vilipanda juu ya magunia. Kila kimoja nilikuwa nimekifunga kwa gazeti, kisha blanketi, kisha kamba. Nikamwomba turubai.

"Turubai ni la chumvi," alisema.

"Vikilowa vitapasuka."

"Na chumvi ikilowa, ewe bwana mdogo, itakuwaje? Itakuwa bahari. Tutairudisha ilikotoka."

Tuligawana turubai. Kabla ya kufika Malindi nilikuwa nimeshamsimamisha mara tatu nikakague kamba, na mara ya nne alisimama mwenyewe bila kuombwa. "Shuka ukague," alisema, "uridhike, nami nipumzike."

Karibu na Gede springi ya nyuma ilikatika. Twaha aliingia chini ya lori, akakaa humo kitambo, akatoka akisema, "Alhamdulillahi." Nilimuuliza anashukuru nini. Akasema springi imekatika moja, na zingeweza kukatika mbili.

Ili kuliinua lori ilibidi mzigo upunguzwe, na vigango ndivyo vilivyokuwa juu. Kimoja blanketi lake lilikuwa limeteleza, kichwa kiko nje, pembetatu nyekundu na nyeupe zinang'aa. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga viazi karai kando ya barabara alikiona, akaacha mwiko, akaja akijifuta mikono kwenye leso.

"Poleni sana," alisema. "Msiba wenu ni wa wapi?"

"Si msiba, mama. Ni ukumbusho."

"Wa nani?"

Nilifurahi kuulizwa. Nilimweleza yote, hospitali, vita, mafundi tisa, mji wa ugenini unaotaka kushukuru.

"Na hao mafundi wako wapi?"

"Wako makwao. Mkubwa wao tunakwenda kumchukua Tezo sasa hivi, tusafiri naye."

"Mzima?"

"Mzima kabisa."

Alirudi akalihamisha jiko lake hadi upande wa pili wa kibanda, mahali ambapo asingeviona. Viazi vyangu alinipa huku ametazama pembeni. Nami moyoni nikasema, mshamba huyu. Naliandika neno hilo kama nilivyolifikiri. Mimi niliyelelewa Kakuyuni kati ya mihogo, nilimwona mama wa Gede kuwa mshamba.

Springi ilifungwa kwa mnyororo na gogo, tukapita msituni polepole kiasi kwamba mtu mwenye baiskeli na gunia la makaa alitupita, akatusalimu, na hatukumwona tena.

Tezo

Fundi Charo ndiye aliyekuwa msimamizi wa mafundi wale, na kamati ilimwalika awe mgeni wa heshima. Mpango ulikuwa Twaha aniache kwake na vigango, yeye ajikokote hadi gereji ya Kilifi, na Jumatatu atupitie tuendelee.

Mkewe, Mama Sidi, alitupokea vizuri. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza habari za watu wa Kakuyuni mmoja mmoja. Wali wa nazi ulikuwa jikoni. Tulishusha vigango, Twaha akaenda zake, nami nikafanya jambo nililokuwa nimelipanga njia nzima. Nilichagua kigango cha Charo, kilichochongwa mwiko wa ujenzi na timazi kifuani, nikakiegemeza ukutani karibu na mlango, nikawaita watu wa nyumba waje waone.

Mama Sidi alifika wa kwanza. "Hiki ni cha nani?"

"Cha Fundi Charo."

"Charo yupi?"

Charo mwenyewe akatokea nyuma ya nyumba, anatoka kuoga, taulo begani, povu la sabuni sikioni. "Charo ni mimi," alisema akicheka. Kisha akaona.

"Katana," Mama Sidi aliniambia kwa sauti ya chini, "umemzika mume wangu."

"Hapana, mama, hii ni sanaa tu ya..."

"Umemzika. Umemletea mpaka mlangoni. Tena umeniita nije nitazame."

Akaanza kulia. Hakulia kwa uchungu wa kawaida, alilia kilio cha matanga chenyewe, na Tezo hakuna mtu anayesikia kilio hicho akabaki kwake. Wanawake watatu waliingia uani wanalia tayari, kabla hawajajua aliyekufa ni nani. Walipomkuta Charo amesimama na taulo lake, walinyamaza. Walipokiona kigango, wakaanza tena.

"Nyamazeni, nipo!" Charo alikuwa akisema. "Nipo jamani!" Lakini niliona kwamba hakikaribii kile kigango. Alipita mbali nacho kama mtu anavyompita mbwa asiyemjua. "Mimi ni Mkristo," aliniambia baadaye, "sina imani na mambo haya. Ila hicho kisilale uani kwangu. Na lori litakalobeba hicho, mimi silipandi."

Vigango vyote tisa vilitolewa hadi nje ya ua, upande wa barabara. Wali nililetewa hukohuko.

Kesho yake

Asubuhi mafundi wengine saba walikuwa wameshapata habari. Walikuja kwa bodaboda kutazama makaburi yao. Kazungu, fundi wa plasta, alitafuta lake mpaka akalipata.

"Mbona kichwa changu kidogo kuliko cha Charo?"

"Vyote ni sawa," nilisema, nikatoa tepu ya kupimia nimwonyeshe.

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. "Mwenye tepu huyu! Anatupima kabisa! Kijana, na jeneza umekuja nalo?"

Kazungu alicheka kuliko wote, kisha akanyamaza. "Mke wangu ana mimba ya miezi saba," alisema. "Akisikia kuna koma ya baba mtoto inatembea na lori, nitamwambia nini?"

Karibu na saa nne alikuja Hawe Kache, yaani Bibi Kache, mama yake Kahindi. Ni bibi mwembamba, anatembea na mkongojo, na wale mafundi wote walisimama. Nilikuwa nimekwisha kupata wazo la kujiokoa. Kati ya vigango tisa, kimoja kilikuwa cha haki, kwa kuwa Kahindi alikufa kweli. Nikafunua cha Kahindi.

"Shikamoo, hawe. Hiki ni chako. Nakuachia."

Alikipapasa kwa kidole gumba, kutoka kichwani hadi kwenye jina. "Umechonga vizuri," alisema. Nakiri kwamba moyo wangu ulifurahi, saa ile ile, na watu wote wale wamesimama.

"Lakini mwanangu hakuwa mwenye gohu," aliendelea. "Alikuwa fundi wa matofali. Baba yake alikufa mtu mzima, ana watoto na wajukuu, naye alisimamishiwa koma, mti mtupu, hivi." Akaonyesha gotini. "Nikimsimamishia Kahindi hiki, nitakuwa nimemvika kanzu ya mtu mwingine. Wenyewe watauliza."

"Basi niseme nini, hawe?"

"Usiseme. Tangu jana unasema, nakusikia mpaka kwangu."

Alipewa kiti. Akatueleza, akinitazama mimi, ingawa nadhani alikuwa akiwaambia wao. Koma ya Kahindi ilikuwa haijasimama mpaka siku ile. Alikuwa akimjia ndotoni, amesimama tu, hataki kukaa, na jamaa walimhimiza asimamishe. Yeye alikataa. Angesimamishaje bila kujua mwanawe amelazwa wapi na amelazwa vipi?

"Hawa walimzika," alisema, "na kila mmoja ananiambia lake. Huyu anasema kichwa kiko mashariki. Yule anasema kiko upande wa mlima. Walikuwa wakilia, siwalaumu. Sasa wewe, mwenye kupima kila kitu, nenda ukapime. Uje uniambie."

Mafundi walitazama chini. Charo alitazama barabarani.

Msumeno kando ya barabara

Basi kusafiri ilikuwa lazima, ila hatukuwa na kitu cha kupeleka. Niliuliza kama mbao zile zingeweza kutumika kwa kazi nyingine. Hawe Kache alisema hazijasimamishwa wala kumwagiwa chochote cha tambiko, ni mbao tu. Nitoe vichwa, nitoe majina.

Nilikata vichwa tisa. Cha tatu kilinitoa machozi. Kazungu, aliyenishikia ubao, alisema, "Lia, lakini kata wima."

Charo ndiye aliyetoa shauri la benchi. Kule hospitalini, alisema, walikuwa na ubao mmoja juu ya matofali. Saa nne kila mtu alikaa pale, wao na wenyeji waliokuwa wakichota maji na kubeba mchanga, wakanywa chai kwa vikombe vya kupokezana. "Kama wanataka kutukumbuka," alisema, "hapo ndipo tulipokuwa."

Nililitengeneza benchi hilo palepale barabarani, mbele ya kila mpita njia. Hilo lilinitesa kuliko msumeno. Mchungaji alisimamisha pikipiki akauliza kwa nini mgongo hauna mwinamo. Mama mwenye karai la mihogo alisema, "Mguu huo umepinda," akaenda zake. Niliweka timazi na mguu ulikuwa umepinda kweli. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mtu kunirekebisha kazi haijakwisha, na sikujua nimchukie au nimkimbilie.

Swali la majina lilibaki. Mafundi wanane walikataa, walisema majina yao yameshachongwa vya kutosha. "Sisi tulirudi na majina yetu," Charo alisema. "Aliyebaki kule ni yeye. Abaki na lake." Hawe Kache alikubali. Mgongoni mwa benchi nikachonga TULIJENGA PAMOJA, na chini yake, KAHINDI WA TEZO.

Katika siku hizo zote kulikuwa na simu moja niliyopaswa kuipiga, ya kumwambia Bwana Lado kwamba vigango havipo tena. Sikuipiga. Kila asubuhi niliandaa maneno, nikayasahihisha, nikaona hayajakaa sawa.

Springi ilifika Jumanne kutoka Mombasa. Jumatano tuliondoka, na Charo akapanda mbele, katikati yetu.

Kilifi hadi mpakani

Siku za njiani zilikuwa sita. Kitale tulitetemeka kwa baridi, na Twaha alikunywa chai ameshika kikombe kwa mikono miwili kama mgonjwa. Lodwar tulikaa kivulini tukihema. Tuliagiza samaki wa ziwani, wakaja wakubwa, wazuri, wamekaangwa bila chochote.

"Huyu hajawahi kukutana na chumvi," Twaha alimwambia mwenye hoteli. "Nami nina lori zima hapo nje. Haya ni majaribu."

Mwenye hoteli hakucheka. Alidhani tunamuuzia, akaanza kutaja bei ya gunia, na ilichukua muda kumweleza kwamba ile chumvi ina mwenyewe na sisi tunataka kijiko tu.

Mpakani afisa alizunguka lile benchi mara mbili. "Mmelitoa baharini?"

"Kilifi," Charo alisema.

"Benchi moja? Huko mnakokwenda hawana mbao?"

"Wanazo."

"Basi hawajui kukaa." Akatupisha.

Lakini kabla ya kufika mpakani, Twaha akiwa ameshuka kuswali, Charo aliniambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Siku Kahindi alipozikwa, yeye alikuwa amelazwa na homa ile ile. "Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wao," alisema. "Mimi ndiye niliyemwomba mama yake ampe ruhusa. Na sikumzika. Akiniuliza kichwa kiko wapi, nasema mashariki, kwa sababu Kazungu alisema mashariki." Nilimmiminia maji, tukamngoja Twaha.

Mjini

Bwana Lado ni mtu mrefu, wa makamo. Alikulia kambini Kakuma, na Kiswahili chake ni cha huko, kinakwenda mbio. Alitukumbatia, akatupeleka moja kwa moja mbele ya hospitali. Pale kulikuwa na mashimo tisa kwenye mstari mmoja, yamezungushiwa saruji na kupakwa chokaa.

"Hizi mashimo nimepima mimi mwenyewe," alisema. "Vile uliniandikia, upana na urefu. Sasa miti iko wapi?"

Tulimshushia benchi.

Alilitazama. Akatazama lorini kama kuna kingine. "Umeniletea kiti? Wakubwa wanakuja kesho kutwa. Nitawaambia nini? Kaeni?"

"Ndiyo," Charo alisema. "Waambie wakae."

Ilibidi nieleze, na nilieleza vibaya, nikianza mwisho. Alisikiliza mpaka nikamaliza.

"Kwa hivyo zile ni za mtu amekufa."

"Ndiyo."

"Na huyu mzee ako hapa, anapumua."

"Ndiyo."

"Na ungeniletea makaburi ya watu wako hai, niweke mbele ya hospitali."

"Ndiyo, Bwana Lado."

"Ya *hospitali*!" Alicheka mpaka akashika geti. "Wagonjwa wangetoroka na dripu!" Kisha kicheko kikamwisha, akanigeukia. "Simu yako ilikuwa na shida?"

"Hapana. Niliogopa."

"Mimi nimechimba mashimo siku mbili."

Charo ndiye aliyetuokoa. Mgeni wa heshima alivua shati, akaomba saruji, ndoo na mwiko. Mashimo mawili aliyapanua yakapokea miguu ya benchi, saba akayaziba. Watu wa hospitali walitoka kutazama. Mhudumu mmoja wa zamani alimtambua kwa jinsi anavyorusha saruji, akapiga kelele, wakaja wengine, wakaleta chai ya tangawizi na zile chapati zao nyembamba za mtama, kisra, ambazo mimi niliziviringisha na kuzila kavu mpaka mama mmoja akanipokonya na kunionyesha kwamba huchovywa kwenye mchuzi.

Siku ya sherehe wakubwa walichelewa. Walipofika, benchi lilikuwa limejaa, wamekaa mama wenye watoto waliokuwa wakingoja daktari, na hakuna aliyewaambia wahame. Hotuba zilisomwa kwa kusimama. Walishukuru pwani, wakashukuru waliochanga na waliokuja, wakaomba dua. Jina la Kahindi lilisomwa peke yake.

Kaburi liko nyuma ya wodi ya kina mama, limefunikwa kwa zege, limefagiliwa. Bwana Lado alisema mpishi wa hospitali hulifagia kila Jumamosi bila kutumwa. Nilipima. Urefu, upana, hatua kutoka ukutani, hatua kutoka kisimani, upande wa kichwa kwa dira ya simu. Kichwa kiko magharibi. Nilichora mara tatu mpaka mistari ikanyooka. Charo alikuwa amechuchumaa upande wa miguu, mkono wake juu ya zege, na sikuangalia zaidi ya hapo.

Kurudi Tezo

Tulimkuta Hawe Kache anapepeta mchele. Charo aliketi mkekani, mimi nikafungua mchoro, nikamsomea kila kipimo na kumweleza habari za mpishi anayefagia. Alisikiliza kwa makini, akarudia "magharibi" mara mbili, kama mtu anayeweka kitu mahali pake.

Kisha akauliza, "Jua la mchana linampata?"

Nilitazama mchoro. Nilikuwa na hatua, nilikuwa na nyuzi za dira, nilikuwa na unene wa zege. Kivuli sikukiangalia. Ningeweza kusema hapana, hamchomi, na angelala vizuri siku hiyo. Neno lilikuwa mdomoni.

"Sijui, hawe," nilisema. "Sikuangalia."

Nikatoa simu na kumpigia Bwana Lado palepale, bila kuandaa maneno. Tulimsikia akitembea, akisalimiana na watu njiani. "Niko hapo sasa," alisema. "Kuna mwarobaini upande wa ukuta. Saa hii kivuli iko kwa miguu. Mchana inafunika yote."

Hawe Kache alisogea karibu na simu. "Wewe ni nani, mwanangu?"

"Naitwa Lado, mama. Mtoto wangu alizaliwa hapa. Dirisha ya hiyo chumba aliweka yeye."

Hawe Kache aliweka ungo chini. "Mwambieni anayefagia," alisema, "kwamba nimesikia."

Simu ilipokatika, Charo alikohoa. "Mama, kuna jambo. Siku ile mimi sikuwepo kaburini. Nilikuwa..."

"Ulikuwa umelazwa," alisema, akichukua tena ungo wake. "Kazungu aliniambia zamani. Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

Charo alilia. Yeye aliendelea kupepeta, akamwacha alie.

Koma ya Kahindi ilisimamishwa wiki iliyofuata, kando ya ile ya baba yake. Mpwa wa Hawe Kache ndiye aliyeukata mti, mfupi, mtupu, hata gome hakulitoa lote. Niliuliza kama naweza kuulainisha kidogo juu. Niliambiwa kazi hiyo si yangu. Nilichota maji ya kushindilia udongo, na mti ulisimama umeinama kidogo upande mmoja, na hakuna aliyeunyoosha.

Tangu nirudi nimeacha kuchonga vigango, hata vile vidogo vya kuwauzia wageni. Natengeneza mabenchi na viti, na jina la mtu silichongi popote mpaka nimefika kwao na kukaa na watu wake.